Anayepokea Hutoa: Somo la Kuanza Kushirikiana Mafaili

Mapema mwaka huu alifika kituoni kwetu mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala, duka dogo lililo mkabala na soko. Malalamiko yake yalikuwa mafupi. "Afande, kampuni ya simu inaniibia. Nanunua bando la mwezi, siku ya nne limekwisha, na sijafungua hata video moja." Tulimsikiliza, tukaandika maelezo yake, kisha tukamwelekeza aende ofisi ya kampuni hiyo. Twakiri kwamba hapo tulifanya haraka. Baada ya wiki mbili alirudi, safari hii akiwa na kijana anayemsaidia kazi, na konstebo wetu mmoja aliyesomea kompyuta akaomba aende dukani aione mashine yenyewe. Alipofungua ukurasa unaoonyesha data iliyoingia na data iliyotoka, aligundua kwamba kompyuta ile ilikuwa ikitoa kuliko inavyopokea, usiku na mchana, kila ilipowashwa.

Aliyekuwa akilila bando hakuwa kampuni. Yule kijana alikuwa ameweka programu ya kushirikiana mafaili ili apate nyimbo za kuwajazia wateja kwenye kadi za simu. Programu ilipomwuliza ni kabati gani la kompyuta litakaloshirikiwa na wengine, alibonyeza kukubali bila kusoma, na kabati alilolikubali lilikuwa diski nzima. Katika diski ile mlikuwa na nakala za vitambulisho vya taifa, mikataba ya viwanja, barua za maombi ya kazi na vyeti vya shule, kazi ya miaka kadhaa ya watu wa vijiji vya jirani.

"Afande, nilidhani inaleta tu," kijana alituambia. "Sikujua kwamba inapeleka."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike somo hili. Hatukuliandika ili kuwatisha wananchi waikimbie teknolojia hii, kwa maana ina manufaa makubwa, hasa mahali ambapo intaneti ni ghali na hukatika mara kwa mara. Tumeliandika kwa sababu watu wengi huanza kuitumia wakiwa na nusu tu ya maelezo: wameambiwa namna ya kupokea, hawakuambiwa kwamba katika mfumo huu anayepokea hutoa.

Tuanze na tofauti iliyopo kati ya njia mbili. Mtu anapopakua faili kwa njia ya kawaida, kompyuta yake huenda kwenye kompyuta moja kubwa iliyo kama ghala, ikachukua mzigo na kurudi. Wateja wakiwa wengi, ghala husongamana. Ghala likifungwa, hakuna apataye kitu. Katika njia ya kushirikiana hakuna ghala. Fikirini darasa la wanafunzi arobaini na kitabu kimoja cha mwalimu. Kama wote wangepanga foleni mbele ya mashine ya kutoa nakala, wangekesha. Lakini mwalimu akimpa mmoja sura ya kwanza, mwingine ya pili, mwingine ya tatu, kila mmoja akatoa nakala ya sura yake na kubadilishana na wenzake, darasa zima litakuwa na kitabu kizima kabla ya jioni, na mwalimu hatakuwa ametoa kitabu chake zaidi ya mara moja au mbili. Hata mwalimu akienda nyumbani, kazi haisimami, maadamu sura zote zimo darasani.

Hivyo ndivyo mafaili yanavyosafiri. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alitoa programu iitwayo Napster, iliyowawezesha watu kuchukua nyimbo moja kwa moja kutoka kompyuta za wenzao. Orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye kompyuta za kampuni yenyewe, na mahakama za Marekani zilipoamua dhidi yake, huduma ile ilizimwa mwaka 2001. Mwaka huo huo Bram Cohen alitoa BitTorrent, na ndiyo njia ambayo vijana wetu huiita kwa kifupi torenti. Ubora wake ni kule kulikata faili vipande. Faili la megabaiti 700 laweza kukatwa vipande 700 vya megabaiti moja moja. Kompyuta yako huomba kipande hiki kwa mtu wa Nairobi, kile kwa mtu wa Ufaransa, kingine kwa jirani yako wa mtaa wa pili usiyemjua, na kwa kawaida hutanguliza vipande vilivyo adimu ili visije vikapotea mwenye navyo akizima mashine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hupotezi kitu. Ukirudi, programu huhesabu vipande ilivyo navyo na kuendelea pale ilipoachia. Kwa mtu aliyewahi kupakua faili kubwa kwa saa tatu na kulipoteza likiwa limefika asilimia tisini, jambo hili peke yake latosha kumfanya ajifunze.

Kila kipande kina muhuri wake. Si muhuri wa wino, bali ni hesabu inayotolewa na kipande chenyewe: ikibadilishwa hata herufi moja ndani yake, jibu la hesabu hubadilika. Kompyuta yako hulinganisha muhuri wa kipande kilichopokewa na ule ulioandikwa katika faili dogo la torenti, na kisipolingana hukitupa na kuomba kingine. Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa tumekutana na watu wanaouelewa muhuri huu vibaya. Muhuri huthibitisha kwamba umepata kitu kile kile alichokiweka mtu wa kwanza. Hauthibitishi kwamba kitu hicho ni chema. Mwenye kuweka sumu ataipiga muhuri kama mwenye kuweka asali.

Sasa turudi kwenye lile la kutoa. Tangu kipande cha kwanza kinapotua kwenye kompyuta yako, programu huanza kukigawa kwa wengine wanaokihitaji. Haikuulizi kila mara. Ndivyo ilivyoundwa, na tena humpendelea zaidi mshirika anayetoa kuliko mchoyo. Faili likikamilika huendelea kuligawa mpaka utakapolisimamisha. Kwa lugha ya bando, hesabu yake ni hii: ukipokea filamu ya megabaiti 700 na ukaigawa kwa kiasi hicho hicho, umetumia megabaiti 1,400. Ukiiacha programu wazi usiku kucha hadi ikagawa mara tatu, umetumia 2,800. Nchini kwetu, ambako tangu Julai 2021 bando la intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, hilo si jambo la kupuuza.

Lakini bando ni hasara ndogo. Kila aliye katika kundi linalobadilishana faili fulani aweza kuona anwani ya intaneti ya wenzake. Bila anwani, vipande havina pa kupelekwa. Anwani hiyo ni ya kampuni iliyokupa huduma, na kampuni huwa na kumbukumbu za wateja wake. Laini zetu za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Kijana anayewasha intaneti kutoka simu ya mama yake na kugawa asichokuwa na ruhusa ya kugawa, jina litakaloulizwa kwanza ni la mama. Tunalitaja hili kwa wazazi hasa, na kwa wenye maduka ambao intaneti yao hutumiwa na kila apitaye.

Ziko pia programu za mtindo wa zamani ambazo hazigawi faili moja uliloliomba tu, bali hugawa kila kilicho ndani ya kabati ulilolichagua. Hizi ndizo zilizomponza kijana wa duka la kuchapa, naye hakuwa wa kwanza. Mwaka 2002 watafiti wawili, Nathaniel Good na Aaron Krekelberg, waliwapa watu kumi na wawili kompyuta yenye programu ya Kazaa, iliyokuwa maarufu wakati huo, wakawaomba watambue ni vitu gani vinavyogawiwa. Jibu sahihi lilikuwa diski nzima. Wawili tu ndio walioliona. Kisha watafiti wale waliweka mafaili bandia yenye majina ya kutamanisha, na watu wasiojulikana wakayachukua. Miaka minane baadaye, mwezi Februari 2010, tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliyaandikia mashirika karibu mia moja kuyajulisha kwamba taarifa za watu zilikuwa zimevuja kutoka kompyuta zao kwa njia hii hii. Ikiwa mashirika yenye wataalamu yalinaswa, tusimcheke kijana wa sokoni.

Basi aanzaye aanzeje? Kwanza achague programu inayojulikana. Transmission na qBittorrent ni programu za bure, hazina matangazo, na msimbo wake uko wazi kukaguliwa na yeyote. Zichukuliwe kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe, si kwenye kiungo kilichotumwa katika kundi la WhatsApp wala kwenye flashi ya rafiki. Hata hapo tusilale usingizi. Mwezi Machi 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Transmission yenyewe wakabadilisha kifurushi cha kompyuta za Mac kwa kifurushi chenye programu ya utekaji iitwayo KeRanger, ambayo ilikaa kimya siku tatu kisha ikayafunga mafaili ya mwenye kompyuta na kudai alipe bitcoin moja. Watengenezaji waligundua upesi na kutoa toleo safi. Aliyekuwa na nakala ya mafaili yake kwenye diski ya pembeni aliweza kuyarudisha bila kulipa mtu. Kwa hiyo, kabla ya kuweka programu yoyote ya aina hii, weka kando nakala ya vitu usivyoweza kuvipoteza, na diski hiyo uichomoe. Diski iliyochomekwa hufungwa pamoja na nyingine.

Pili, atengeneze kabati jipya, tupu, alipe jina lake, na aiambie programu kwamba yote yaingie humo na yatoke humo. Kama kompyuta ni ya kazi, ushauri wetu ni mkali zaidi: usiiweke programu hii kabisa. Kompyuta yenye vitambulisho vya watu si mahali pa kujifunzia.

Tatu, kabla ya kupakua chochote, afungue mipangilio apunguze kasi ya kutoa. Programu nyingi hukuruhusu pia kuweka kikomo, kwamba baada ya kugawa kiasi sawa na ulichopokea, ikome yenyewe. Tunapendekeza kikomo cha moja kwa moja: ulichopewa, rudisha kiasi hicho, kisha simamisha. Huo ndio uungwana wa kundi, na anayekimbia mara tu aliposhiba huwaacha wenzake na faili pungufu. Mwenye intaneti isiyo na kipimo anaweza kutoa zaidi akipenda. Mwenye bando la siku afunge mapema bila kuona haya. Kufunga kwenyewe ni kuchagua neno la kutoka katika programu. Kubonyeza alama ya kufunga dirisha mara nyingi huificha tu, nayo ikaendelea kutoa nyuma ya pazia.

Na faili la kwanza liwe lipi? Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kudhani torenti ni jina jingine la wizi wa filamu. Mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, ambao diski yake ya usakinishaji ni takriban gigabaiti 6, hutolewa rasmi kwa njia hii. LibreOffice, yenye uandishi wa barua na majedwali ya hesabu bila malipo ya leseni, hutolewa hivyo pia. Mradi wa Kiwix hukusanya Wikipedia nzima katika faili moja la kusomwa bila intaneti. Toleo la Kiingereza lenye picha hufikia takriban gigabaiti 100, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ndogo mno kuliko hiyo. Shule isiyo na intaneti yaweza kuletewa faili hilo mara moja na mtu aliye mjini, nalo likasomwa na wanafunzi muhula mzima. Internet Archive nayo hutoa vitabu na rekodi nyingi za zamani kwa torenti. Mwalimu akituuliza aanzie wapi, tunamwambia aanze na Wikipedia ya Kiswahili: ni halali, ni ndogo, na faida yake huonekana siku hiyo hiyo.

Faili likishafika, litazame jina lake lote kabla ya kulifungua. Kompyuta nyingi huficha herufi za mwisho za jina, na wahalifu hutumia maficho hayo. Filamu haiishii kwa exe. Wimbo hauji ukidai nenosiri linalopatikana kwa kubonyeza kiungo kingine. Ukiona hivyo, futa. Usifungue ili kuhakikisha.

Kwa wale wanaotumia simu, huenda mmeshaanza kushirikiana mafaili bila kujua jina lake. Xender na SHAREit hufanya kazi hiyo hiyo kwa umbali wa hatua chache, simu kwa simu, bila bando. Hatari ya diski nzima haipo kwa namna ile ile, kwa sababu wewe ndiwe unayechagua kila kinachotoka, lakini programu hizi huomba ruhusa nyingi, na mwezi Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza udhaifu mkubwa katika toleo la Android la SHAREit, ambao baadaye ulizibwa. Isasishe programu, zima ukimaliza, na usipokee kutoka kwa simu usiyoijua kwenye kituo cha basi.

Sasa sheria. Wananchi wengi hujitetea mbele yetu kwa neno moja: "Ni kwa matumizi yangu mwenyewe." Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inatambua kweli matumizi fulani ya kibinafsi. Lakini kuisambaza kazi kwa umma ni haki ya mwenye kazi hiyo, katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo ameshaona tatizo liko wapi. Anayepakua filamu kwa torenti anaigawa wakati ule ule anapoipokea. Utetezi wa matumizi binafsi unamponyoka tangu kipande cha kwanza. Na mwenye duka anayejaza kadi za simu kwa malipo hana hata utetezi wa kuanzia. Nasi hatuzungumzii kampuni za mbali peke yake. Pale Wakaliga, Kampala, watengenezaji wa filamu wanaojulikana kwa jina la Wakaliwood wameuza diski zao nyumba kwa nyumba, kwa mkono. Nakala moja inayogawiwa bure ni mlango mmoja ambao hautafunguliwa wanapobisha.

Liko jambo moja ambalo hatuna mzaha nalo. Picha au video ya mtoto katika hali ya kingono ni kosa kuimiliki na kosa kuigawa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na katika mfumo huu anayeipokea anaigawa. Faili la namna hiyo huweza kuja limevaa jina la kitu kingine. Ukikutana nalo, simamisha programu, kata intaneti, usimtumie mtu yeyote hata kwa nia ya kumwonya, na uje kituoni na mashine yenyewe. Anayekuja kutoa taarifa mara moja huanza mahali tofauti na anayekutwa nalo.

Turudi kwa mama wa duka la kuchapa. Programu iliondolewa siku ile ile na nywila zote zikabadilishwa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu aijulishe mamlaka mara moja anapoamini kwamba zimefikiwa na wasiohusika, nayo haisemi kwamba duka dogo limesamehewa. Hakuwa amewahi kuisikia sheria hiyo. Tulikaa naye, tukamsaidia kuandika barua kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, akaeleza ni mafaili gani yalikuwemo na kwa muda gani. Kazi iliyomchukua siku nyingi ilikuwa ile ya daftari. Aliorodhesha wateja aliowakumbuka, na yule kijana akapita vijijini pamoja na wenyeviti wa LC1 akiwaeleza wenye mikataba ya viwanja wawe macho na yeyote atakayejitokeza na nakala. Wengine walimkasirikia. Mzee mmoja alimshukuru, akamwomba amfafanulie tena hiyo programu inavyofanya kazi, maana mjukuu wake anayo.

Mama yule alituuliza swali moja: ni watu wangapi walioyachukua? Konstebo alitafuta katika kumbukumbu za programu, akakuta majina ya mafaili machache na anwani za nchi mbalimbali, na sehemu kubwa imeshafutwa na programu yenyewe. Hatukuweza kumpa idadi.

Leo diski ya duka lake husafishwa kila Jumamosi: mteja akishachukua nakala zake, faili lake hufutwa mbele yake. Nyimbo hachezi nazo tena. Kijana bado yuko kazini, na ndiye aliyetuletea, kwenye flashi, Wikipedia ya Kiswahili ambayo sasa imo kwenye kompyuta ya dawati letu la polisi jamii. Wenye maswali kuhusu somo hili wanakaribishwa kwenye dawati hilo siku za kazi. Tafadhali njooni na kompyuta au simu yenyewe, kwa kuwa tumejifunza kwamba maelezo ya mdomo hayatoshi.